Stratocaster, Les Paul au PRS Custom 24: lipi nikae nalo miaka mingi?

Uzi_wa_Tatu

Wakuu, habari za humu.

Nimepiga gitaa moja, nakala ya mtindo wa Stratocaster, kwa miaka tisa. Limenifundisha karibu kila ninachokijua, lakini sasa nimejichanga vya kutosha na ninataka gitaa moja la umeme la daraja la juu, nikae nalo. Sitaki kununua leo, mwakani nianze tena kutamani jingine.

Nimechuja hadi nimebaki na matatu: Fender Stratocaster American Professional II, Gibson Les Paul Standard '50s, na PRS (Paul Reed Smith) Custom 24, ile yenyewe, siyo ya mfululizo wa SE wa bei nafuu. Kwenye bendi napiga solo. Sehemu kubwa ni rumba na sebene, sauti safi yenye mwangwi kidogo, vidole viko juu juu kwenye shingo. Tuna pia nyimbo kama nne za roki zinazotaka sauti nzito ya kukwaruza. Nasimama saa mbili, wakati mwingine tatu.

Moyo wangu uko kwenye Les Paul tangu utotoni, sifichi. Naomba maoni ya watu walioyashika haya magitaa na kufanya nayo kazi.

Mkwaju77

Mkuu, chukua Les Paul, usizunguke. Nina yangu mwaka wa kumi na moja. Ukivuta uzi wa pili pale freti ya 15 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo), noti inakaa, inaendelea kukaa, unaweza kuvuta pumzi na bado ipo. Ule mwili mnene wa mahogani wenye kifuniko cha mbao ya mepo, na shingo iliyogundishwa badala ya kufungwa kwa skrubu, vinalipa gitaa zima uzito wa sauti ambao sijaupata kwingine. Kwa hizo nyimbo nne za roki hakuna mjadala.

FundiMbao

Uzi_wa_Tatu, kabla hatujakutajia gitaa la kununua, nijibu swali moja: hilo la zamani linakunyima nini? Watu wengi wanaoniletea magitaa walinunua kwa kutazama rangi, wakagundua baadaye kwamba walichokuwa wanakosa ni kitu kingine kabisa.

Wakati unalifikiria, nikupe tofauti ninazoziona mezani kwangu.

Ya kwanza ni urefu wa uzi, kutoka pale unapopita juu ya shingo hadi darajani, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili. Stratocaster ni inchi 25.5, yaani milimita 648. Les Paul inaandikwa inchi 24.75, kama milimita 629. PRS imekaa katikati na inchi 25, milimita 635. Inaonekana ni tofauti ndogo, lakini mvuto wa uzi unakua kwa mraba wa urefu. Nyuzi zilezile, tuni ileile, kwenye Stratocaster zinakaza zaidi kwa asilimia 6 hivi kuliko kwenye Les Paul. Ndiyo maana Les Paul inavutika laini, na ndiyo maana Stratocaster inajibu kwa mlio mkali ulio wazi hasa kwenye nyuzi za chini. Kwa mtu wa sebene, uwazi huo ni mali. Noti zikikimbizana kwa kasi, kila moja inataka isikike peke yake.

Ya pili ni pikapu, zile sumaku zenye koili ya waya zinazonasa mtetemo wa uzi. Stratocaster ina tatu za koili moja. Koili moja inanasa uzi vizuri sana, lakini inanasa pia mnguruma wa umeme wa 50 au 60 Hz kutoka kwenye taa na transfoma. Hambaka, pikapu ya Les Paul na PRS, ina koili mbili zilizosukwa kwa mielekeo ya kupingana na sumaku zenye ncha tofauti: mnguruma unajifuta, sauti ya uzi inajumlishwa. Seth Lover aliibuni akiwa Gibson mwaka 1955, na Les Paul zikaanza kufungwa hambaka mwaka 1957. Faida ni ukimya na nguvu. Gharama yake ni kwamba ule mng'ao wa juu unapungua.

Ya tatu ni kuvunjika. Hili silisemi kwa ubaya, nimeshagundisha vichwa vingi mno. Kichwa cha Les Paul kimelala nyuma kwa pembe ya digrii kama 17, shingo imechongwa kwenye mbao moja, na palepale chini ya kichwa mbao imetobolewa nafasi ya kufikia ile fimbo ya chuma ya ndani inayonyoosha shingo. Gitaa likianguka kwa mgongo kutoka kwenye stendi, ufa unaanzia hapo. Likigundishwa vizuri linadumu, lakini afadhali lisianguke. Kichwa cha Fender kimenyooka sambamba na shingo, na shingo yenyewe imeshikwa kwa skrubu nne. Ikipata msiba, unaifungua na kufunga nyingine.

Dada_Ridhimu

Fundi amesema mengi ya kweli, mimi naongeza bega langu.

Nilipiga Les Paul miaka minne, ilikuwa na kilo 4.4. Nyumbani, nimekaa kwenye kiti, niliipenda kuliko kitu chochote. Jukwaani, ikifika saa ya pili, nilikuwa naanza kuinamia upande wa kushoto bila kujua, na vidole vya mkono wa kushoto vinapoteza wepesi kwa sababu bega limekamatika. Nilibadilisha mkanda, nikaweka mpana wa ngozi. Ulisaidia kwa dakika ishirini hivi.

Sasa napiga Stratocaster ya kilo 3.5, tena ile imechongwa mgongoni na mbele ambapo mkono unalala, inakaa kama nguo. Kaka yangu, hiyo Standard '50s ina mwili mzima usiotobolewa ndani kupunguza uzito, na shingo yake ni nene. Wenye viganja vikubwa wanaifurahia. Pima hiyo unayoshika, usitegemee namba za kwenye maelezo, maana mbao hazifanani. Les Paul mbili za siku moja zinaweza kupishana nusu kilo.

Mkwaju77

Bega nalikubali, Dada. Mimi napiga nimekaa mara nyingi, sikulifikiria.

Uzi_wa_Tatu

Fundi, nimelala na swali lako. Linaninyima mambo mawili. Moja ni mnguruma: tukizima wote kati ya nyimbo, gitaa langu ndilo linalosikika. La pili, nikipanda kupita freti ya 16, kile kiungo cha shingo na mwili kinanizuia kiganja, noti za juu nazipiga kwa kujinyonga. Kwa sauti sina ugomvi nalo. Muda mwingi suichi naiweka nafasi ya 4, kati ya pikapu ya kati na ya shingoni.

FundiMbao

Hapo umeniambia jambo kubwa. Fanya jaribio hili leo. Washa amplifaya, usipige kitu, weka suichi kwenye pikapu moja peke yake, sikiliza mnguruma. Kisha sogeza nafasi ya 4. Je, unapungua?

Uzi_wa_Tatu

Haupungui hata kidogo. Nafasi zote tano ni uleule.

FundiMbao

Basi pikapu yako ya kati imesukwa sawa na zile mbili nyingine. Kwenye Stratocaster nzuri za sasa ile ya kati inasukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo nafasi ya 2 na ya 4 zinafuta mnguruma kama hambaka inavyofanya, ila unabaki na ule mlio wa kioo unaoupenda. Wazee wa zamani waliusaka mlio huo kwa kuibana suichi katikati ya nafasi, kwa sababu gitaa lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na suichi ya nafasi tatu, na ya nafasi tano ilianza kufungwa kiwandani 1977.

Kwa hiyo usiikimbie Stratocaster kwa sababu ya mnguruma kabla hujaisikiliza kwenye nafasi yako. Ukiweka pikapu moja peke yake utausikia, hilo ulijue.

Kuhusu kiganja: kiungo cha American Professional II kimechongwa kwa mviringo, kiganja kinapita. Les Paul hapo bado ni nene.

Nyoka_wa_Freti

Nashangaa PRS inapitwa hivi hivi. Ninayo Custom 24 na ndiyo inayojibu matatizo yake yote mawili bila masharti. Mnguruma haupo, ni hambaka. Freti ziko 24, oktavu mbili kamili kwenye kila uzi, na mkono unafika hadi ya mwisho bila kupinda kifundo. Hambaka zake unaweza kuzikata zibaki koili moja ukitaka sauti nyembamba. Tangu 1985 ndilo gitaa lililoijenga kampuni. Na tuni haisogei: unashusha ile tremolo, mkono wa kutikisa daraja, unarudi, uzi uko palepale.

Dada_Ridhimu

Nimewahi kuazima moja wiki mbili. Ni gitaa lisilo na kasoro kwenye mikono, nakubaliana nawe kabisa. Ila hambaka ikikatwa koili, kwangu mimi inakaribia Stratocaster, haiifikii. Kama nafasi ya 4 ndiyo kazi yake ya kila siku, atakuwa anapiga kitu cha karibu kwa miaka yote.

Nyoka_wa_Freti

Hilo siwezi kulikataa. Mimi kazi yangu ni roki, napiga koili zote mbili wakati wote.

FundiMbao

Mkienda kujaribu, Uzi_wa_Tatu, nenda na mkanda wako na usimame. Lipige kwanza bila umeme, ukiweka sikio au kidevu kwenye pembe ya mwili. Gitaa zuri linatetemeka hadi mfupani. Halafu tumia amplifaya moja kwa yote matatu, sauti safi, usiguse vitasa.

Vuta uzi wa kwanza hatua nzima kwenye kila freti kuanzia ya 12, sikiliza kama noti inakatika. Linganisha noti ya freti ya 12 na harmoniki yake palepale, yaani mlio unaotoka ukiugusa uzi kidogo bila kuubana. Zikipishana, daraja linahitaji kusetiwa, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Usilikatae gitaa zuri kwa sababu halijasetiwa. Freti zilizopinda au shingo iliyojinyonga, hayo ndiyo ya kukufanya uliache. Ukichukua Les Paul, uzi wa tatu utakusumbua tuni kwa sababu unapinda ukielekea kwenye kigingi chake. Sugua ncha ya penseli laini kwenye mfereji unaopitia juu ya shingo, grafiti yake inalainisha.

Mkwaju77

Nakazia la penseli. Mimi nafanya kila nikibadilisha nyuzi.

Uzi_wa_Tatu

Wakuu, nimerudi.

Nilikaa nayo matatu karibu saa tatu. Les Paul nilianza nayo, na nilipopiga akodi ya kwanza nilinyamaza, ni sauti niliyoisikia kichwani tangu mdogo. Mkwaju, uliyosema kuhusu noti kukaa ni kweli tupu. Nikasimama nayo dakika arobaini kama nilivyoshauriwa. Bega lilianza kusema, na nikipanda freti ya 17 kiganja kiligonga palepale ninapogongea kwenye la zamani.

PRS ndiyo niliyoipiga vizuri kuliko zote. Sikukosea noti. Kuvuta uzi, freti za juu, tuni, vyote vilikuwa mkononi. Lakini nilipokata koili na kupiga ile mistari yetu ya sebene, nilijikuta narudi kwenye vitasa mara kwa mara kutafuta kitu.

Stratocaster niliyoishika ilikuwa kilo 3.6, rangi ambayo nisingeichagua. Niliweka nafasi ya 4, nikasubiri bila kupiga. Kimya. Nikaanza ule mzunguko wa noti sita ninaoupiga kila wiki, na kila noti ilitoka na ukingo wake, hata zile za nyuzi za chini ambazo kwenye la zamani zilikuwa zinavimba na kugongana. Kiganja kilipita hadi freti ya 21 bila kupinda. Nimeondoka nayo.

Nyimbo za roki nimezijaribu jana kwenye mazoezi kwa pikapu ya darajani na pedali ya distoshoni. Ni nyembamba kuliko nilivyotaka, na mnguruma upo. Nimepunguza kitasa cha toni hadi katikati, imenenepa kidogo. Fundi, nyuzi zake ni za unene wa 9 (uzi wa kwanza, kwa elfu za inchi) na mimi nimezoea 10. Nikibadilisha, nitalazimika kukaza springi za nyuma?

FundiMbao

Ndiyo. Nyuzi nene zitalivuta daraja, litainuka nyuma. Tyuni kwanza, kisha kaza zile skrubu mbili zinazoshikilia springi, robo mzunguko kwa zamu, ukityuni tena kila mara hadi daraja lirudi lilipokuwa. Baada ya siku mbili, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uangalie nafasi iliyobaki katikati ya shingo. Ikizidi robo milimita, niandikie kabla hujaigusa ile fimbo.