Siku moja ya snoubodi Salt Lake City, niende wapi?

Wadau, mimi wa Nakuru, Februari naenda Marekani kumuona braza na nina siku moja tu ya kuteleza kwenye theluji na snoubodi (ubao mmoja wa miguu yote miwili), si bigina tena lakini mteremko mkali bado unanitoa jasho. Kati ya vituo vya theluji vya huko, Alta ama Brighton?

— Alta sahau bro, hapo ni skii (mbao mbili, moja kila mguu) peke yake, snoubodi hawataki kabisa, na kituo kingine, Deer Valley, ni hivyo hivyo. Utarudishwa na bodi yako kwapani.

— Brighton. Fuata njia zenye alama ya mraba wa bluu (za wastani), zile za almasi nyeusi (kali) waachie wenyewe. Iko na taa za usiku pia so siku haiishi haraka, ila wikendi barabara inajaa kama ya Nairobi Disemba, amka mapema.

— Wa Nakuru baridi ya Molo tu inawashinda 😂