Karatasi ya ukutani yenye majani ya mierebi: ni ya miaka gani?

Mpangaji_Mpya:
Wakuu, habari zenu. Tumehamia nyumba ya zamani, na chumba kimoja kimebandikwa karatasi yenye majani membamba ya kijani kama ya mwerebi, matawi yanapishana juu ya rangi ya maziwa. Nilipovuta kabati nikakuta kona imebanduka, na chini yake kuna karatasi nyingine: ya rangi ya uji, haina maua, ila karibu na dari kuna mkanda mwembamba wa pembetatu na maumbo ya kipepeo cha mkono, ya rangi ya machungwa na kahawia. Nataka kukirudishia chumba sura yake ya enzi zile, lakini mafundi niliowauliza kila mmoja ana enzi yake. Nianzie wapi?

Babu_Fremu:
Majani hayo ni ya William Morris, mbunifu wa Uingereza, mchoro wa 1887. Hiyo ni karatasi ya zama za Malkia Victoria, usiibandue!

Gundi_na_Brashi:
Mkuu Babu_Fremu, mchoro umeutambua vizuri; kwa maelezo haya unafanana sana na ule uitwao Willow Bough, yaani tawi la mwerebi, na ni kweli Morris aliubuni 1887. Lakini michoro yake haikuishia enzi ile. Kampuni yake ilipofungwa mwaka 1940, kampuni ya Sanderson ilichukua vibao vya kuchapia, na hadi leo majani hayo yanauzwa. Kwa hiyo mchoro unatuambia karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya 1887, basi. Umri wenyewe tuutafute kwenye karatasi.

Ndugu mwenye mada, kazi yangu ni kubandua na kuhifadhi karatasi hizi, na macho yangu huanzia kwenye maungio. Zamani karatasi ilitoka kiwandani na pindo tupu pande zote mbili. Fundi alikata pindo la upande mmoja kwa mkasi, kisha akalalisha ukanda mmoja juu ya mwenzake, akielekeza ukingo dirishani ili usitupe kivuli. Karatasi za baadaye zilikuja zimekwisha kukatwa, zikabandikwa ukingo kwa ukingo. Pitisha kucha kwenye maungio. Kama kuna ngazi ndogo, utaisikia.

Halafu papasa rangi. Iliyochapwa kwa kibao cha mbao huwa nzito, imetuna kidogo pembezoni mwa kila jani. Ya mashine za rola, ambazo Uingereza zilianza 1839, hulala bapa na nyepesi. Mwisho lowesha kona iliyobanduka. Maji yakiteleza juu bila kuingia, na uso ukatoka kama ngozi ukiacha karatasi nyeupe ukutani, hiyo ni vinili, yaani karatasi yenye uso wa plastiki, nayo ilienea majumbani kuanzia miaka ya 1960.

Mimi lakini moyo wangu uko kwenye hiyo ya chini! Karatasi ya rangi ya uji isiyo na maua, na mkanda wa pembe pembe uliobandikwa juu yake, ndiyo mtindo wa miaka ya 1920 na 1930. Watu walichoshwa na kuta zilizojaa maua kutoka chini hadi juu, wakaacha ukuta mtulivu na pambo likahamia pembezoni. Hebu angalia kwenye pembe za ukuta kama kuna pambo lililokatwa kwa mkasi.

Mpangaji_Mpya:
Nimepima. Ya majani: maungio ni ukingo kwa ukingo, maji yameteleza, na uso umetoka kama ulivyosema. Ya chini ina ngazi kabisa, naisikia kwa kidole. Na kwenye pembe, nyuma ya kabati, kuna kipepeo cha mkono kikubwa, cha rangi ya machungwa, kilichokatwa kufuata umbo lake!

Babu_Fremu:
Basi nakubali, majani ni ya juzi juzi.

Gundi_na_Brashi:
Safi sana. Kwa hiyo majani ni ya miaka ya 1960 au baada ya hapo, na enzi ya kurudisha ni ya kipepeo chako. Karatasi hiyo ya chini usiivamie kwa mvuke, rangi za wakati ule nyingi huyeyuka kwa maji. Toa uso wa vinili ukiwa mkavu, polepole, kuanzia chini kwenda juu. Karatasi nyeupe itakayobaki iloweshe kidogo kidogo kwa sponji, na jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ukikutana na tabaka jingine la kijani kikali huko chini kabisa, usilisugue kwa msasa, maana karne ya 19 kijani cha namna hiyo mara nyingi kilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Na nakuomba sana, hata ukiamua kupaka rangi chumba kizima, kata kipande cha kila tabaka, kikubwa kutosha mchoro uonekane ukijirudia, ukihifadhi ndani ya bahasha pamoja na jina la chumba na ukuta kilikotoka.

Mpangaji_Mpya:
Bahasha tayari ninazo. Kesho naanza na ukuta wa dirisha, kipepeo sikigusi hadi nikuwekee picha hapa.