Mrejesho: Kesi yangu ya kukwepa nauli ya treni

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mwezi uliopita niliwaeleza nilivyokamatwa Kampala nikidaiwa kupanda treni bila tiketi, wakati tiketi nilikata, ikanidondoka. Wengine mlinishauri nikiri ili yaishe. Sikukiri.

Nilimfuata aliyenikumbusha Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 28: mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, na ana haki ya kuwahoji mashahidi wa upande wa mashtaka. Nilikana shtaka mbele ya hakimu, nikaomba mkalimani, maana Kiingereza changu hakifiki mahakamani. Nilipewa bure, ibara hiyohiyo. Mama tuliyeketi naye kiti kimoja akaja kutoa ushahidi kwamba aliniona nikikata tiketi; Mungu ambariki sana. Kesi ikafutwa.

Kilichoshindikana ni pesa. Kituoni nilitoa shilingi 50,000 ili nipewe bondi (dhamana ya kuachiwa na polisi), kumbe bondi ya polisi hailipiwi. Sikudai risiti, basi sina pa kushika. Mliniambia mapema, nikachelewa kusoma.

Asanteni mno, hasa dada aliyesisitiza nimtafute shahidi siku ileile.