Naomba ushauri: kuuza nguo za zamani kwenye magulio ya wikendi

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, nataka kuanza kuuza nguo za zamani hasa, si mitumba yoyote tu, kwenye magulio ya wikendi upande wa Masaki na Mikocheni. Mtaji wangu ni laki tatu.

Kwa sasa nawahi soko la Karume belo za mitumba zinapofunguliwa, nachagua moja moja. Jinzi ya Levi's naanza na kile kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma: jina likiwa lote kwa herufi kubwa, mara nyingi ni ya kabla ya 1971, ingawa kuna matoleo mapya yanayoiga, kwa hiyo nakagua na lebo ya ndani. Fulana naangalia pindo la mkono. Mshono wa mstari mmoja kwa kawaida ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Nazipenda sana nguo hizi, zilishonwa zidumu.

Nimejaribu kuziuza kwa status ya WhatsApp. Nafua, napiga pasi, napiga picha za lebo na kueleza umri wake. Wachache wamenunua, wengi wanauliza mbona mtumba elfu arobaini.

Mliowahi kuweka meza kwenye magulio hayo, bei mnaiandika kwenye nguo kabisa au mnaacha nafasi ya kupatana? Na kwa mtaji huu, niendelee kuchagua, au nichangie belo la jaketi na mwenzangu? Nahofia za zamani zitakuwa chache, na zilizobaki sijui nitazipeleka wapi.

Natanguliza shukrani.