Toyota Premio umbo jipya, injini ya lita 1.5 au 1.8 kwa mlima wa Isamilo? Nimeyaendesha yote, naomba ushauri

MamaDagaa_Isamilo

Mwangaluka wadau. Naomba mnisome hadi mwisho, maana hela hii nimeikusanya miaka sita kwa dagaa wa Mwaloni Kirumba na sitaki kuikosea.

Tunaishi Isamilo, hapa Mwanza, kule juu ambako lami inaishia na mawe yanaanza. Mama yangu yuko Sengerema, magoti yamemchoka, na kila mwezi ana kliniki hospitali ya Bugando. Akija kwa Hiace anashuka hawezi hata kusimama, inabidi akae kwanza pale stendi robo saa. Kwa hiyo gari ninalotafuta ni la watu watano, lenye siti ya nyuma ambayo mama atakaa bila kujikunja na bila kupandishwa kama mzigo. Nimezunguka sana nikaangukia Premio.

Wiki iliyopita mbalamwezi ilikuwa kubwa, mitumbwi ya dagaa haikuingia ziwani, mwaloni kukapoa. Nikapata siku mbili za kupita yadi. Nimeendesha Premio tatu. Moja ni umbo la zamani, 1.8, namba D, otomatiki ya gia nne. Nyingine mbili ni umbo jipya, lile lililoanza kutoka 2007, zote zina CVT, ile giaboksi isiyo na gia za kubadili: moja 1.5 na moja 1.8. Hizo mbili hazijasajiliwa bado.

Kijana wa yadi alitaka nizungushe kidogo tu barabara ya Nyerere nirudi. Nikamwambia hapana baba, gari tupu kwenye lami tambarare haliniambii kitu. Nikampakia yeye, baba watoto, watoto wangu wawili, na kwenye buti madumu mawili ya maji ya lita 20. Kiyoyozi nikawasha. Saa tisa alasiri, jua la kuchoma. Tukapita Mabatini, mjini, tukaanza kupanda Isamilo. Katikati ya mlima kuna mtaro umekatiza barabara. Hapo nilisimama kabisa, halafu nikaondoka tena. Magari yote matatu, mtaro uleule, watu walewale.

Umbo la zamani liliondoka kwa nguvu, sikatai. Ila lilipobadili gia tulisikia wote, linapanda gia ya pili, linaona halitoshi, linarudi ya kwanza, likichangamka kidogo linapanda tena. Mwanangu mdogo akauliza kama gari linakwama. Na ndani limechoka, bushi zinagonga kwenye kila jiwe.

Ile 1.5 mpya ndiyo iliyonichanganya. Mjini ni tamu mno. Haibadili gia, inateleza tu kama mtumbwi ulioshushwa tanga, na usukani mwepesi hata Makoroboi kwenye msongamano wa wamachinga sikuchoka. Lakini pale mtaroni nilipokanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda hadi kama 4,500 ukakaa hapohapo, injini ikalia mfululizo hadi tulipofika juu, na mwendo ulikuwa wa mtu anayekimbia. Tulifika, ila nilikuwa nimeshikilia usukani kwa mikono yote miwili na baba watoto kazima kiyoyozi bila kuniuliza.

Ile 1.8 mpya, mtaro uleule, mshale haukufika 3,000. Watoto waliendelea kuongea.

Siku ya pili nilizitoa hizo mbili mpya hadi Usagara na kuvuka daraja la Kigongo na Busisi, maana ndiyo njia ya mama. Kwenye tambarare 1.5 inakwenda 90 kwa utulivu kabisa, hadi darajani sikuona tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye kulipita lori. Kwa 1.5 unapanga kwanza, unasubiri barabara iwe nyeupe kweli. Kwa 1.8 unapita.

Sasa tatizo. Siku hiyo ya pili nilifika yadi saa moja asubuhi, kabla hawajawasha magari. Ile 1.8 injini ikiwa baridi, nilipoachia breki ianze kuondoka ikatetemeka, mtetemo mfupi kama wa gari la kawaida lenye klachi iliyochoka. Baada ya dakika kumi hivi ukapotea na haukurudi siku nzima. Kijana anasema ni kawaida ya CVT. Ile 1.5 haikuwa na mtetemo huo.

Moyo unataka 1.8. Wenye uzoefu, huo mtetemo ni wa kukimbia au ni wa kutengenezeka? Na je, 1.8 itanimaliza kwa mafuta?

Fundi_Giaboksi_Nyakato

Mama dagaa, umefanya la maana kulijaribu gari likiwa baridi. Gari lililowashwa na kupashwa moto kabla mteja hajafika linaficha mengi.

Nianze na injini. 1.5 ni 1NZ-FE, ina nguvu za farasi 110 hivi. 1.8 za mwanzo za umbo hilo ni 2ZR-FE, farasi 136, na kuanzia maboresho ya 2010 zikawekewa 2ZR-FAE, ile ya Valvematic, yenye farasi zaidi kidogo. Zote zina cheni, hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Lakini kwa mlima wako usiangalie farasi peke yake, angalia msukumo, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. 1.5 ina niutoni mita kama 140, 1.8 ina kama 175. Gari lenyewe lina kilo 1,200 hivi, na wewe umelipakia watu watano na maji. Halafu kumbuka tupo wapi: ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Isamilo iko juu ya ziwa. Injini isiyo na turbo huku kwetu inapungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo 110 unayosoma si 110 unayopanda nayo.

Kile kilio cha 1.5 si ubovu. CVT haina gia. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli moja ikijibana nyingine inajiachia, uwiano unabadilika polepole bila ngazi. Ukikanyaga mlimani, kompyuta inaipeleka injini kwenye mizunguko ambako nguvu ipo na kuishikilia hapohapo. Ndiyo maana mshale ulisimama. Ubovu ungekuwa mizunguko inapanda lakini gari haliongezi mwendo, kama mkanda unateleza. Wewe unasema mlifika juu na mwendo haukukatika, basi ile giaboksi ni nzima, injini ndiyo ndogo kwa mzigo ule.

Mtetemo wa 1.8 sikubali kwamba ni kawaida. Mara nyingi ni mafuta ya giaboksi yaliyochoka, au mtu kaweka yasiyo yake. CVT ya Toyota inataka mafuta yake, TC au FE kutegemea gari. Haidroliki ya otomatiki ya kawaida haingii humo hata tone. Nimefungua giaboksi ambazo mkanda umekula puli kwa sababu fundi fulani alijaza alichokuwa nacho dukani. Mwambie muuzaji akubali mambo mawili kabla hujatoa hela: yamwagwe mafuta uyaone kwa macho yako, na ipimwe kwa mashine. Yakiwa meusi tu, yakabadilishwa na mtetemo ukaisha, nunua. Yakinuka kuungua au yakiwa na chembe zinazong'aa za chuma, ondoka, hata akupunguzie milioni mbili.

Na soma namba ya chesisi mwenyewe. NZT260 ni 1.5. ZRT260 ni 1.8 inayosukumwa na magurudumu mawili. ZRT265 ni 1.8 inayosukumwa na magurudumu yote manne, na ZRT261 ni 2.0. Nimeona 1.5 zimebandikwa alama za 1.8 nyuma.

Teksi_Kisesa

Mimi natofautiana kidogo na fundi, kwa heshima. Nina hiyo hiyo 1.5 mwaka wa nne sasa, Kisesa, Igoma, mjini, kila siku. Napata kilomita 12 kwa lita mjini, na nikienda Musoma bila papara inafika 16. Rafiki yangu mwenye 1.8 tunapaki naye kijiwe kimoja, yeye mjini anapata 10, akibahatika 11. Kwa mtu anayetembea kilomita 150 kwa siku hiyo ni hela ya ada.

Lakini dada, wewe si teksi. Hesabu kilomita zako. Kama ni Isamilo hadi Mwaloni na kurudi, na Sengerema mara moja au mbili kwa mwezi, tofauti ya mafuta utaiona ila haitakuumiza. Kitu kingine watu hawakisemi: 1.5 ukiipandisha mlima mkali kila siku ikiwa imejaa, ile faida ya mafuta inapungua sana, maana muda wote umeikanyaga.

Ushuru pia usikutishe. Kwa ukubwa wa injini, 1.5, 1.8 na hata 2.0 ziko kundi moja kwa TRA, watoza kodi wetu, yaani zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000. Kinachopandisha kodi ni umri wa gari.

Mzee_wa_Magu

Mwanangu, umbo la zamani usilidharau. Otomatiki ya gia nne fundi yeyote kuanzia Magu hadi Lamadi anaijua, na ikifa unapata nyingine iliyotumika kwa bei ya kueleweka. Ila hiyo 1.8 ya zamani ina injini ya 1ZZ, pima kama inakula oili. Simama nyuma ya bomba la moshi asubuhi inapowashwa. Ukiona moshi wa bluu achana nayo. Na ile 2.0 ya zamani iliyoandikwa D4 usiiguse kabisa, inapulizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, pampu yake ya presha ni ghali na petroli yenye uchafu inaiua.

Nimekusoma ukieleza kupanda, hukueleza kushuka. Mlima huo ukiwa na watu watano utashuka nao kila asubuhi. Usikae D ukikanyaga breki njia nzima. Shusha mkono wa gia nafasi ya chini ya D, injini ikusaidie kushika gari. Breki zikipata moto sana zinagoma.

MamaDagaa_Isamilo

Shikamoo mzee wangu. Fundi, kaka wa Kisesa, asanteni, nimefanya kama mlivyosema.

Chesisi inasoma ZRT260, kwa hiyo ni 1.8 kweli. Muuzaji alikataa kwanza kumwaga mafuta, akasema gari halijauzwa haliguswi. Nikamwambia basi na hela yangu haiguswi. Jumatatu akapiga simu mwenyewe. Nilikwenda na fundi wangu. Yalitoka meusi kama kahawa ya Bukoba, ila hayakunuka, na fundi aliyasugua kwenye kitambaa cheupe hakuona chuma. Mashine haikuonyesha kosa. Tukanunua FE, ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu chake, akajaza na kuyapima yakiwa kwenye joto lake. Gari likalala pale yadi usiku. Saa moja asubuhi nikaliwasha mimi, nikaachia breki. Halikutetemeka. Nikazima, nikasubiri, nikarudia mara tatu.

Nimelichukua. Ile 1.5 ilikuwa chini kwa milioni moja na nusu na niliiangalia nikiondoka, maana kwa mtu anayekaa Nyegezi au Buzuruga kwenye tambarare ningemwambia aichukue bila kufikiri.

Jana nimemleta mama kliniki. Darajani aliomba nipunguze mwendo aone maji, kwa sababu maisha yake yote alipavuka kwa kivuko. Kupanda Bugando nilimtazama kwenye kioo, alikuwa amelala. Kushuka Isamilo leo nimetumia ile nafasi ya chini, mzee, gari linajishika lenyewe hadi karibu na shule, breki naigusa tu.

Fundi, swali la mwisho: haya mafuta ya CVT nibadilishe tena lini?

Fundi_Giaboksi_Nyakato

Kwa mlima huo na joto hili, kilomita 40,000, usisubiri zaidi. Andika leo namba ya dashibodi kwenye karatasi ubandike ndani ya boneti. Na siku likiharibika njiani lisivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini, lipakiwe.

Teksi_Kisesa

Hongera dada. Mama akirudi Sengerema mwezi ujao nijulishe unapata kilomita ngapi kwa lita hadi Busisi. Jaza tenki hadi juu Mkuyuni, jaza tena ukirudi pampu ileile, ugawanye.