Nifanye nini ili watoto wangu wadogo wawe watu wa mtaa, si wakazi wa ndani ya geti tu?

Mama Wawili, Goba

Salamu kwenu wazazi na walezi wenzangu. Nina binti wa miaka minane na mvulana wa miaka mitano, na tumehamia Goba, Dar es Salaam, tukitokea Tanga miaka mitatu iliyopita. Nyumba yetu ina ukuta na geti, basi la shule huwachukua watoto kabla jua halijachomoza na kuwarudisha jioni wakiwa wamechoka, na mwisho wa wiki hukaa sebuleni mbele ya televisheni.

Mwezi uliopita alifariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulipokuwa tukipita kando ya turubai la msiba, binti yangu aliniuliza ni nani aliyefariki, nami nikamwambia ni yule babu wa nyumba yenye mwembe. Akanijibu kwamba hajawahi kumwona. Marehemu alikuwa akikaa kwenye kibaraza kile kila jioni kwa miaka yote mitatu, na sisi tulikuwa tukipita mbele yake ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Jambo hili limeniuma sana, kwa kuwa mimi nilipokuwa na umri wake nilitumwa kila nyumba ya mtaa wetu, na nilijua ni wapi nitapewa embe na ni wapi pana mbwa mkali.

Mume wangu anapendekeza tuwapeleke mara moja kwa mwaka kwenye kituo cha watoto yatima wakatoe zawadi. Sipingi, lakini moyo wangu hauniambii kwamba hilo ndilo jibu. Naomba ushauri wa kufaa umri wao.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Mwanangu, umeona vema. Kwenda kutoa zawadi mara moja kwa mwaka ni tendo jema, ila mtoto anayeishia hapo atajifunza kuwa jamii ni mahali pa kutembelea kisha kurudi nyumbani. Mwanajamii ni mtu ambaye asipoonekana ataulizwa, na haulizwi mpaka awe na kazi ambayo wengine wanaitegemea.

Nitakueleza nilikojifunzia jambo hili. Katika miaka ya themanini nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya kijijini, na maji ya kunywa ya darasa yalikaa katika mtungi nyuma ya mlango. Kulikuwa na mtoto mmoja mkimya kupita kiasi, ambaye wenzake hawakumchagua katika mchezo wowote. Nikamkabidhi mtungi ule. Kila asubuhi alifika kabla ya kengele, akafuta mfuniko kwa kitambaa, akaosha kata, kisha akauchungulia mtungi kuona kama maji yanatosha. Wiki ya tatu alishikwa na homa. Saa nne watoto walipotoka kucheza walikuta mtungi mkavu, na darasa zima likanizunguka likiniuliza mwenzao yuko wapi, anaumwa nini, na je, wanaweza kwenda kumwona. Hakuwa amewahi kuulizwa hata siku moja kabla ya hapo.

Kwa hiyo watafutie watoto wako kazi iliyo ndogo, ya kweli, yenye siku yake, na ambayo faida yake inavuka ukuta wenu. Ninayo moja ya kupendekeza. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ikiwamo ya mwaka 2014 na ya 2019, na mbu anayeieneza hutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vifuu, makopo, matairi na visahani vya vyungu vya maua. Yai huchukua takribani wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu mwenye mabawa, ndiyo maana anayemwaga maji hayo kila Jumamosi humkatisha njiani. Mtoto wa miaka mitano anaiweza kazi hiyo, na mara nyingi huona kifuu ambacho mtu mzima amekiruka. Wakimaliza uani kwenu, nenda nao mkapige hodi kwa majirani wawili na kuomba ruhusa ya kukagua. Nakusihi usiwalipe kwa kazi hiyo. Jirani akisema ahsante, waache waisikie.

Binti wa Unguja

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze jambo moja la kwetu, ambalo dada wa Goba, kwa kuwa ametoka Tanga, bila shaka analijua na huenda amelisahau tu. Mwezi wa Ramadhani mama yangu alikuwa akipakua futari, akaifunika kwa kawa, akanipa nipeleke nyumba ya jirani kabla ya adhana. Nilikuwa na miaka sita. Nilifundishwa kupiga hodi mara tatu na kurudi nisipojibiwa, kuwaamkia wakubwa kabla ya kusema nilichotumwa, na kutoitikisa sahani mchuzi usimwagike. Sahani haikurudi tupu. Siku ya pili ilirudi na kaimati au tende, na mtoto wa nyumba ile ndiye aliyeirudisha. Kwa njia hiyo tulijuana sisi watoto bila ya wazazi kututambulisha.

Huna haja ya kusubiri Ramadhani. Ukipika maandazi Jumapili, tenga sahani moja, na binti yako ndiye aibebe, si wewe wala dada wa kazi.

Baba Pacha, Dodoma

Mwalimu na dada wa Unguja wamesema kweli, nami nafanya kazi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumzia hofu ambayo wazazi wengi wanayo na ambayo si ya kudharauliwa. Mazingira ambayo sisi tulitumwa peke yetu yalikuwa na macho mengi barabarani, na leo macho hayo yamepungua kwa sababu ya kuta hizihizi tunazozizungumzia. Katika miezi ya mwanzo mzazi asimame mahali anapomwona mtoto, watoto waende wawili wawili, na wafundishwe kwamba ujumbe hutolewa mlangoni na hawaingii ndani ya nyumba ya mtu hata wakikaribishwa kwa upole. Wafundishwe pia kwamba hakuna siri ya kumficha mama. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na inafaa mkubwa aijue kwa kichwa.

Wapo pia watakaokuambia kwamba kumpa mtoto kazi ni kumnyanyasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeliweka sawa suala hili: kifungu cha 12 kinakataza kumtumikisha mtoto katika jambo linalodhuru afya, elimu au makuzi yake, na kifungu cha 15 kinamwekea mtoto mwenyewe wajibu wa kuitumikia jamii yake kulingana na umri na uwezo wake. Kuna na kifungu cha 11, ambacho wazazi wengi hukiruka, kinachompa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Usiwapangie kila kitu, dada yangu. Watembeze mtaani kwa miguu, kisha waulize wao wameona nini kinachohitaji kurekebishwa, na ukubali jibu lao hata kama si lile ulilolitarajia.

Mama Wawili, Goba

Narudi baada ya wiki sita, na nawashukuru nyote. Tulitembea kwa miguu kama Baba Pacha alivyoshauri. Mimi nilidhani watasema takataka, lakini mdogo alisema kwamba bibi wa nyumba yenye mwembe, mjane wa yule mzee, anakaa peke yake kibarazani. Sasa sahani ya Jumapili huenda kwake, na ukaguzi wa vifuu Jumamosi huanzia uani kwake, ambako siku ya kwanza walikuta tairi lenye viluwiluwi vya mbu. Jumamosi iliyopita tulikuwa Tanga, na bibi alimtuma kijana wa dukani aje kugonga geti letu kuuliza kama watoto ni wazima.

Nina swali moja zaidi. Kisomo cha kumwombea yule mzee kimekaribia, na binti yangu ameomba afanye kazi siku hiyo. Je, miaka minane si midogo mno?

Mwalimu Mstaafu, Muheza

Si midogo, mwanangu. Mpe birika na beseni awanawishe wageni mikono kabla ya chakula, aanzie kwa wazee, na mdogo wake amfuate akiwa na taulo. Birika ulijaze nusu tu, kwa sababu likijaa litamlemea mkono na maji yatawamwagikia wageni mapajani.