Daktari kuacha zahanati akaingia siasa, ni hasara?

Mkaazi wa Langoni:
Assalam aleikum. Mpwa wangu ni daktari wa zahanati huku Amu, mwaka wa sita sasa. Juzi katangaza barazani kuwa atagombea uwakilishi wadi. Mamake analia kama kafiwa: "Niliuza dhahabu yangu usome, leo wenda kuomba kura!" Kuna aliyewahi kuyaweza yote mawili?

Mzee wa Mkomani:
Waaleikum salaam. Msomee dadako habari za Josiah Bartlett, Mmarekani, kazaliwa 1729. Chuo cha udaktari hakukanyaga. Alianza na miaka 16, akifuatana na daktari mkongwe hadi akaiva, kisha akafungua kazi yake Kingston, New Hampshire. Mimi nimegawa dawa miaka 30, kwa hiyo kilichonishika ni hiki: dondakoo lilipozuka, yeye aliwapa wagonjwa magome ya mti wa Peru. Ndiyo magome yaliyokuja kutoa kwinini. Sisi tuliomezeshwa kwinini utotoni twaujua ule uchungu!

Mwaka 1765 akaingia baraza la kutunga sheria. 1774 nyumba yake ikateketea, akajenga nyingine. 1776, akiwa mjumbe wa New Hampshire kwenye mkutano wa Philadelphia, kura ya uhuru wa Marekani kutoka kwa Waingereza ilianzia majimbo ya kaskazini, basi ikamwangukia yeye kusema "ndiyo" wa kwanza. Baadaye akawa hata jaji mkuu wa jimbo, na sheria hakuisomea. (Hilo mpwa wako asiliige.)

Bi wa Shela:
Na wagonjwa aliwaachia nani? Zahanati moja hapa ilipokosa daktari, mjukuu wangu tulimpakia mashuani saa nane za usiku, kusi inavuma. Mamake ana haki ya kulia.

Mzee wa Mkomani:
Kweli, Bi. Akiwa Philadelphia alikuwa mbali nao, siwezi kumtetea. Shamba na watoto vilibaki kwa mkewe Mary, binamu yake kama zilivyo ndoa zetu. Lakini udaktari hakuutupa: 1791, akiwa ndiye kiongozi wa jimbo, chama cha madaktari cha New Hampshire kilianzishwa naye akawa rais wake wa kwanza. Wanawe watatu wakawa madaktari.

Mkaazi wa Langoni:
Nimemsomea dada yote. Kanijibu: "Huyo alikuwa na mke wa kumshikia shamba. Wangu hata mchumba hana, na nguo namfulia mimi."